Kundi la Mashahidi

Waliokuja kwenye matanga ya Shangazi walisema ameuawa na tension, yaani damu kupanda, nami niliyekuwa nimeketi kwenye mkeka wa wafiwa nikaligeuzageuza neno hilo kama mtu anavyogeuza noti ya dola aliyopewa na mgeni, akitafuta mahali ilipochanika. Kuuawa na tension! Mtu aliyeishi na ugonjwa huo miaka mingi kuliko aliyoishi na mumewe, akauzoea, akaugombeza, hata akawa anaupikia chakula chake. Jioni, chai ilipokuwa inagawiwa, mama mmoja wa kijiji cha Swima alijisogeza karibu yangu akaninong'oneza: ati ni kweli marehemu alikuwa katika ile recherche ya zamani, ule utafiti wa wale madaktari wa Bukavu? Nikamjibu kwamba sijui anazungumzia nini. Ndiyo desturi yangu. Mtu akiniuliza jambo, kwanza namtazama mikono, halafu viatu, halafu nasema sijui. Wanangu hunicheka, wanasema Mama anamshuku hata mchungaji anayemwombea. Ni kweli, wala sioni haya. Wao hawakukaa katika mji wa Baraka, kando ya ziwa, mwaka ule niliokaa mimi, nikiwa mwanafunzi wa sekondari, katika nyumba ya Shangazi iliyonuka samaki kuanzia sakafuni hadi chini ya mabati.

Kwa nini nilipelekwa kwake si habari ya hapa. Mtaa mzima ulimwita Mama Asende, kwa jina la mwanawe wa kwanza ambaye alikuwa ameshahamia Kalemie. Mimi nilimwita Shangazi. Sebule yake ilikuwa na viti vya mbao vyenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, kalenda ya kanisa ambayo mwaka wake ulikuwa umekwisha zamani, na kule pembeni, badala ya kabati, magunia ya samaki wa chumvi. Ndagala, wale dagaa wa ziwani, aliwauza pale pale sokoni, lakini samaki wa chumvi walikwenda Misisi, kwa wachimba dhahabu, ambao kwa jasho wanalolitoa hawashibi kitu kisicho na chumvi. Kwa hiyo nyumba yetu ilikula chumvi, ilivaa chumvi, ilisoma kwa pesa ya chumvi. Infirmier, muuguzi wa kituo cha afya, alipomwambia kwamba chumvi ndiyo inayompandishia tension, Shangazi alimwangalia kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa kwamba ziwa linasababisha mvua. Alipewa vidonge vya aina mbili. Alivimeza kichwa kilipomuuma, na kichwa kilipotulia aliviweka ndani ya bati la maziwa ya unga. Jirani akija analalamika kwamba kichwa kinamgonga, Shangazi alimkopesha viwili, kama unavyomkopesha mtu kiberiti. Na jirani alirudisha, siku akipata.

Barazani, akina mama waliotengeneza samaki walikuwa na maneno yao. Walizungumza habari za maradhi jinsi wengine wanavyozungumza habari za wakwe: huyu ana sukari, yule tension, mwingine miguu inamwaka moto usiku kucha, na kila ugonjwa ulikuwa na aliyeuleta. Mimi nilisikiliza kutoka sebuleni, daftari la shule likiwa limefunguka mapajani. Jambo moja tu walilisema kwa sauti ya chini, na nikitokea mlangoni wananyamaza na kuanza kusifu urefu wa nywele zangu. Nyumba iliyotazamana na yetu ilikuwa tupu. Alikaa humo mwalimu wa shule ya msingi, na asubuhi moja, kabla mimi sijafika Baraka, watu wenye silaha walikuja wakamchukua, na hakuonekana tena. Nyumba za mtaa ule zote zinafanana. Wageni hawawezi kuijua ya mwalimu mpaka mwenyeji aionyeshe. Kila mtu alikubali kwamba kuna aliyeionyesha. Ni nani, hapo ndipo nywele zangu zilipoanza kuwa ndefu.

Siku hizi mimi mwenyewe nina tension. Nameza kidonge kimoja asubuhi, nacho, daktari kijana ananieleza, ni dawa mbili zilizounganishwa ndani ya kimoja, jambo ambalo wakati ule lilikuwa ndiyo kwanza linajaribiwa kwetu. Ananieleza kwa furaha, kama aliyekipika yeye. Mimi namtazama viatu. Je, kidonge hiki ndicho kile cha mwaka ule? Hakuna aliyerudi kutuambia. Wale madaktari wa Bukavu walikuja, wakatufunga mikono kwa ile mashine yao inayovimba, wakaandika, wakaenda. Dawa ikanifikia baadaye sana kwa njia nyingine, na inanisaidia, siwezi kusema uongo. Lakini hakuna adabu ya kumpima mtu mwaka mzima na kisha usimwambie ulichokiona.

Walifika mvua zilipoanza. Tangazo lilisomwa kanisani kwetu na kwa Wakatoliki pia: kuna bantu ba recherche, bashatuma barua kwa chefu, kila mwenye tension afike kituoni. Neno recherche tulikuwa tunalijua kutoka redioni tu, pale wanaposoma majina ya watu wanaotafutwa. Barazani ukawa mjadala. "Banatafuta nani?" akauliza mmoja. "Banatafuta damu yetu," akajibu mwingine. Shangazi akasema hawatafuti kitu, mtu mwenye gari zuri namna ile hawezi kuwa amepoteza kitu Baraka. Akaenda, kwa sababu ilisemekana dawa itakuwa ya bure na haitakatika, na alitaka niende naye nimfasirie Kifaransa. Lakini hakunihitaji. Mkubwa wao, Dokta Clarisse, mwanamke mrefu wa Bukavu, Kiswahili alikijua. Mambo ya kazi tu ndiyo aliyasema kwa Kifaransa, na hayo yaligeuzwa na kijana wa Fizi-Centre aitwaye Etienne, aliyevaa shati jeupe lililofungwa mpaka kooni na kujua Kibembe cha wazee.

Dokta alieleza vizuri, nakumbuka, tena kwa subira. Wagonjwa watagawanywa kwa bahati nasibu. Wengine watapewa kidonge kipya, kimoja tu kwa siku. Wengine watabaki na vidonge vya kawaida, vile vile vya kituo. Wote watapimwa kila mwezi. Mama Violette, mkimbizi wa Burundi aliyelima mihogo karibu na shamba letu, akaangukia kwenye kidonge kipya. Shangazi akaangukia upande wa pili. Kwa Kifaransa upande huo unaitwa groupe témoin. Etienne hakusita hata kidogo. Akaangalia kadi ya Shangazi, akatangaza mbele ya benchi zima: "Mama Asende, we uko mu kundi ya bashahidi."

Mimi mwenyewe nilifikiri kwanza habari za harusi, maana témoin niliyemjua ni yule anayesimama nyuma ya bwana harusi na kushika pete. Shangazi hakufikiri harusi. Tulirudi nyumbani upesi, naye akaipita milango yote aliyozoea kusimama na kusema nayo. Jikoni alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. "Bakimbizi bamepewa dawa mupya," akasema hatimaye. "Miye nimefanywa shahidi. Shahidi wa nini?" Nikasema labda ni neno tu la madaktari. Akanitazama mimi, na hapo nikaona kwa mara ya kwanza macho ambayo sasa ninayo mimi. "Noela. We njo uliambia bale bantu?" "Niliwaambia nini, Shangazi?" "Aya," akasema. "Kama haujui, haujui." Wiki ile ile redio ilikuwa inasema kwamba korti ya kijeshi itakuja kukaa Baraka, mahakimu watashuka na mafaili yao, na wenye kuona mambo wasiogope. Vikaungana kichwani mwake, korti na vidonge, na ukweli ni kwamba nikiwa yeye vingeungana kichwani mwangu pia.

Kuanzia siku ile hakumeza hata kimoja. Nilidhani amerudia mchezo wake wa bati la maziwa, nikamgombeza kidogo, kwa heshima. Akanijibu: "Ukikula kitu ya muntu, utasema yenye anapenda." Kwake dawa ya bure ilikuwa mkate uliotangulizwa kwa shahidi, ili siku ya siku asiweze kukataa. Desturi ni hiyo hiyo kwetu hata kwa mambo madogo. Aliyekunywa pombe ya posa hawezi kusimama kuipinga ndoa. Nikaanza nami kuwachunguza wale watu. Kwa nini Etienne anauliza nyumba yetu iko upande gani? Kwa nini wanataka kujua tunalala saa ngapi, nani anakaa humo? Maswali ya kawaida ya madaktari, naambiwa leo. Wakati ule kila swali lilikuwa na mkia.

Mwezi uliofuata tulirudi kupimwa. Ukumbi wa kituo ulikuwa na benchi moja refu la kusubiria, na meza ya Dokta ilikuwa pale pale, hakuna pazia. Karibu na Shangazi alikaa Papa Sadiki. Huyu, na Sadiki si jina lake, msinitafute, ndiye aliyenunua samaki wetu wa chumvi na kuwapeleka Misisi kwa pikipiki. Mtu wa adabu sana. Hakupita mlangoni bila kuvua kofia. Kumbe naye alikuwa na tension, jambo ambalo halikunishangaza, nusu ya Baraka inayo. Dokta alimfunga Shangazi mkono, akapima, akapima tena, uso ukabadilika. Akauliza kwa Kifaransa kama mgonjwa amekuwa akiona vimulimuli au giza mbele ya macho, kwa sababu tension ikipanda sana huleta hayo. Etienne alikuwa na njaa au na haraka, Mungu ndiye anajua. Akafupisha. "Mama Asende, banauliza: kuko kitu uliona?"

Shangazi alisimama na ile mashine ikiwa bado mkononi. "Mi sikuona kitu!" alipaza sauti. "Sikuona muntu! Ile asubui nilikuwa nalala! Muulize Mungu, nilikuwa nalala!" Hakuna aliyekuwa ametaja asubuhi yoyote. Nilisikia mpira wa mashine ukipumua polepole, fyuuu, na nikaona akina mama wakiinamisha vichwa mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaotafuta sindano sakafuni. Dokta alicheka kidogo kwanza, kisha akaacha kucheka. Akasogeza kiti chake, akasema kwa Kiswahili chake mwenyewe: "Témoin haiko ya tribunal, ya korti, mama. Ni benye banabakia na dawa ya zamani. Tunaangalia bale, tunaangalia ninyi, njo tunajua kama dawa mupya inasaidia. Bila ninyi hatujue kitu." Shangazi akaketi. Alielewa, alikuwa na akili kuliko sisi sote. Alielewa pia alichokuwa amekwisha kukifanya. Papa Sadiki alikuwa anaizungusha kofia yake magotini, taratibu, akiitazama kama vile ameinunua leo.

Alikuja kwetu Jumapili baada ya ibada, bila gunia, bila habari za biashara. Siwezi kusahau chakula kile. Shangazi alisonga bugali mwenyewe, akamwekea samaki aina ya mikeke wa kuchemsha na sombe, kisamvu chetu, akanituma maji ya kunawa, akakaa kiti cha mkabala. Mgeni aliombea chakula, tena kwa kirefu, akaiombea nyumba, akawaombea wagonjwa. "Mama Asende," akasema akishika tonge, "nilikuwa sijue kama na weye ni témoin. Miye pia baliniweka mule. Tuko kundi moja." "Ni vile, papa," akajibu Shangazi. "Samaki haina chumvi, utanisamehe. Dokta njo anakataza." "Haina neno. Tutazoea." Akala. Kisha, bila kuinua macho: "Bashahidi ba kundi moja, mama, ni kusikilizana." Shangazi akamwongezea mchuzi. "Mi niko shahidi ya dawa tu," akasema. "Ya vidonge." "Njo vizuri," akasema Papa Sadiki. Alimla yule samaki hata kichwa, akashukuru, akavaa kofia nje ya mlango na si ndani. Alipokwisha kupotea njiani Shangazi alitoka barazani, sahani akaziacha mezani. Niliziondoa mimi. Nilimchukia yule mtu kwa chuki ambayo sikujua kama ninayo, na zaidi nilichukia kwamba hakuna neno hata moja alilolisema ambalo ningeweza kulirudia kwa mtu na likasikika baya.

Basi Shangazi akaanza kumeza dawa, awe shahidi wa vidonge kweli. Zote, asubuhi na jioni, mbele yangu, na kufungua kinywa baadaye ili nione ulimi, kwa dhihaka, lakini alifungua. Aliacha pia kula samaki wa chumvi, aliwauza tu. Nyumbani alilala vizuri, kichwa hakikumuuma. Lakini siku ya kituo ikifika tension ilipanda tena, juu kuliko mwezi uliotangulia, maana kundi lao liliitwa siku moja, na benchi lilikuwa moja, na yule mtu alihakikisha anakuja mapema na kumwekea nafasi. "Kuya, mama, ikala hapa." Etienne alisema kwa Kifaransa, akidhani sisikii, kwamba akina mama hawa wanauza dawa sokoni. Dokta hakumjibu, lakini alianza kumtazama Shangazi jinsi Shangazi alivyokuwa akiwatazama wao. Mwezi ule ule, Shangazi akiwa anapasua samaki barazani, kisu kilimdondoka, mkono ukafa, mdomo ukaenda upande. Vyote viwili vilirudi kabla hatujapata pikipiki ya kumbeba. Akainama akaokota kisu, akaendelea kupasua. Mimi nilikwenda nyuma ya choo nikalia. Nilikuwa najua ugonjwa wake na nilikuwa najua dawa yake, na nilijua kwamba kile kilichokuwa kinampandishia tension hakikuwa katika chumvi wala hakikuwa katika damu. Angekufa kwa kuketi kwenye benchi. Na mimi nisingeweza kusema, kwa sababu hakuwa amenieleza alichokiona asubuhi aliyochukuliwa mwalimu. Mbele yangu alikuwa bado analala asubuhi ile.

Nafikiri sana habari za Dokta Clarisse siku hizi, nikiona jinsi hawa vijana wanavyopima huku wanaangalia simu. Alikuwa na nambari zake ambazo hazikulingana, na angeweza kumfuta Shangazi, kusema huyu hamezi, lete mwingine. Hakufanya hivyo. Safari iliyofuata alikuwa amepata chumba kidogo cha mwisho, kile cha kuwekea chanjo, akahamishia meza humo, akaita mgonjwa mmoja mmoja. Tuliingia, Shangazi na mimi, Etienne akiwa dirishani na kalamu yake. Papa Sadiki alibaki kwenye benchi, tulimsikia akikohoa. Dokta alipima, akaivua mashine polepole. "Mama, unameza dawa ao unatupa? Unambie kweli tu, sitakasirika."

"Nameza."

"Sasa juu ya nini inapanda hapa tu? Tulikutumia infirmier kwako nyumbani. Alikuta iko chini."

Shangazi alikunja kanga yake, akaikunjua. "Uniwekee siku ingine ya kuya."

"Juu ya nini siku ingine?"

Nje kofia ilianguka au kitu kilianguka, na mtu akaomba radhi kwa sauti ya upole sana. Shangazi alisikiliza mpaka ile sauti ikaisha. Kisha akauliza, kama anayeuliza bei: "Dokta, kama muntu anasema kitu hapa, inabakia hapa?"

"Ni siri ya mugonjwa, mama. Hata baniulize na bunduki."

"Usiseme bunduki," akasema Shangazi. Alimtazama Dokta mikono, akamtazama viatu, kwa muda mrefu, bila haya. "Uyu kijana atoke." Etienne alifungua kinywa, Dokta akamwonyesha mlango kwa kichwa, akatoka na kalamu yake. Nikabaki nimesimama na mkoba wa Shangazi mikononi, nikiwa nimekwisha kujua zamu inayofuata ni ya nani.

"Noela," akasema bila kunitazama, "funga mulango."

Nikaenda. Nikauweka mkoba juu ya kiti, nikatoka hadi kizingitini, nikashika kitasa nikaanza kuuvuta mlango nyuma yangu, kama nilivyokuwa nimezoezwa mwaka mzima.

"Wee mutoto," akasema Shangazi. "Nimesema funga mulango. Sikusema utoke."